Nani Alimpima Ng'ombe wa Bibi?

Ng'ombe wa bibi yangu pale Lufingo, wilayani Rungwe, anaitwa Ndaga. Kwetu Unyakyusa neno hilo ni asante. Alipewa jina hilo kwa ajili ya mama yake, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonilipia ada ya sekondari kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa hiyo, msomaji, ukiona namtetea ng'ombe katika makala haya, ujue kabisa kwamba mimi ni mdeni wake.

Kisa kilianzia Dar es Salaam. Nilikwenda kwenye semina ya vijana kuhusu mazingira, zile semina za soda na nauli. Mtoa mada akaonyesha picha ya ng'ombe, mbavu nje, pembe ndefu, akasema: "Na huyu naye anaipasha dunia joto." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Likizo ilipofika nikapanda basi hadi Mbeya, nikadandia Coaster ya Tukuyu, na jioni yake nikamsimulia bibi habari ile kwa mbwembwe zote za msomi wa mjini. Bibi alikuwa bandani akimkatia Ndaga mabingobingo. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Walimpima lini, mjukuu wangu?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilirudi mjini na swali lile begani kama mkungu wa ndizi, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Gesi yenyewe inaitwa methani. Aliyeikusanya kwanza na kuichunguza ni Alessandro Volta, yule Mtaliano ambaye jina lake limo katika neno volti. Mwaka 1776 alikwenda Ziwa Maggiore, akachokonoa matope kwa fimbo, akayakinga mapovu yaliyopanda juu, akayatia moto. Yakawaka. Gesi hiyo hutokea popote vijidudu vinapoozesha majani mahali pasipo na hewa: kwenye matope ya ziwa, kwenye jaruba la mpunga, kwenye jalala, na ndani ya tumbo la kwanza la ng'ombe. Nyingine imejificha chini ya miamba, kama ile ya Songo Songo ambayo imekuwa ikizalisha umeme wetu tangu 2004. Na wale wenye mitambo ya gesi ya samadi huchemshia chai kwa methani hiyo hiyo. Watu hudhani ng'ombe huitoa kwa nyuma. Wapi! Sehemu kubwa hutoka mdomoni, anapobeua huku akicheua.

Kwamba gesi inaweza kunasa joto ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka mitungi ya kioo juani, akaona wenye hewa ya ukaa unapata joto kuliko mingine. Mwaka 1859 John Tyndall, katika maabara yake London, alipima jinsi gesi mbalimbali, ikiwemo gesi ya makaa ya mawe, zinavyozuia joto ambalo hewa ya kawaida huliachia lipite. Lakini methani ya angani haikugunduliwa hadi 1948, pale Mbelgiji Marcel Migeotte, akiwa Ohio, alipouchunguza mwanga wa jua na kukuta alama yake. Leo tunajua kwamba kilo moja ya methani, ukiihesabu kwa miaka 20, hupasha joto zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Ila haikai sana. Baada ya miaka kumi hivi nyingi yake inakuwa imekwisha kuvunjika.

Na ng'ombe je? Kumbe alianza kupimwa mapema, ila si kwa sababu ya tabianchi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Henry Armsby wa Pennsylvania, Marekani, alikuwa akimfungia ng'ombe katika chumba kisichovuja, akipima kila kinachoingia na kila kinachotoka. Alitaka kujua chakula kinakwenda wapi. Wapimaji wa namna hiyo waligundua kwamba methani ni lishe iliyopotea: kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika chakula cha ng'ombe hutoka kwa kubeua. Yaani bibi anahangaika na panga mvuani, halafu sehemu ya jasho lake inapaa hewani.

Mambo yalibadilika mwaka 1986. Paul Crutzen na wenzake walichapisha hesabu ya methani ya wanyama wote duniani, wafugwao na wa porini. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini vipimo walivyokuwa navyo kwa sehemu kubwa vilikuwa vya ng'ombe wa nchi tajiri, na wa kwetu ilibidi wakadiriwe. Kukadiria si dhambi, bwana. Hatari huja pale makadirio yanapoingia kwenye siasa.

Nayo yaliingia. Mwaka 1990 taasisi moja kubwa ya Washington ilitoa orodha ya nchi zinazochafua anga, na India, China na Brazili zikajikuta juu kabisa pamoja na Marekani. Mwaka uliofuata Anil Agarwal na Sunita Narain, kutoka Delhi, walijibu kwa kijitabu kikali. Waliuita mtindo huo ukoloni wa kimazingira. Waliuliza: methani ya mkulima anayelima mpunga ili ale, itawekwaje kapu moja na moshi wa gari la mtu anayekwenda kujistarehesha? Mwaka huo huo, 1991, mwanasayansi A. P. Mitra na wenzake waliingia kwenye majaruba ya India na vyombo vyao. Makadirio yaliyotoka Marekani yalisema mpunga wa India unatoa kama tani milioni 38 za methani kwa mwaka. Wao walipata kama milioni 4.

Soma tena hapo. Thelathini na nane. Nne. Nchi nzima ilikuwa imeshitakiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukipima.

Mwaka 1992 dunia ikakutana Rio de Janeiro na kuweka mkataba wa tabianchi, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Kila nchi inatakiwa itoe hesabu ya gesi zake. Asiye na vipimo vyake anaruhusiwa kuchukua namba kwenye jedwali la kimataifa. Katika mwongozo wa 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa aliandikiwa kilo 31 za methani kwa mwaka. Awe wa Usukumani, awe wa Ankole, awe ameshiba au amekonda kwa kiangazi: 31.

Nilipofika hapo nilikuwa nimekwishanoa kalamu. Nilitaka kuandika kwamba tumeonewa, basi. Lakini ukweli una tabia ya kumharibia mwandishi insha yake. Pale Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kuna kituo ambacho jina lake ni la Kiswahili, Mazingira, chenye vyumba vya kupimia pumzi ya ng'ombe. Na mwaka 2018 John Goopy na wenzake walichapisha kazi yao ya Nyando, magharibi mwa Kenya. Walikwenda boma kwa boma, wakawapima ng'ombe wa wanavijiji uzito, wakachunguza wanachokula na mwendo wanaotembea kutafuta malisho. Kutokana na hayo walikokotoa kwamba jike mzima hutoa kama kilo 28 kwa mwaka. Hapakuwa na tofauti kama ile ya mpunga wa India. Jedwali halikuwa mbali sana.

Sasa kuna faida gani kupima? Faida ni hii. Namba ya jedwali haibadiliki. Mfugaji akibadilisha malisho, akamtibu ng'ombe wake, maziwa yakaongezeka, kwenye jedwali bado ni yule yule wa jana. Jitihada yake haionekani popote. Aliyekadiriwa anaweza kulaumiwa, lakini hawezi kusifiwa.

Na hapo ndipo hoja inayotuuma zaidi inapoingia. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Ng'ombe wa kwanza anatoa kilo 30 za methani kwa mwaka, na lita 2 za maziwa kwa siku kwa siku 300. Hizo ni lita 600, yaani gramu 50 za methani kwa kila lita. Wa pili, chotara anayelishwa bandani kama Ndaga, tuseme anatoa kilo 80, lakini lita 10 kwa siku. Hizo ni lita 3,000, kama gramu 27 kwa lita. Nani mchafuzi? Ukigawanya kwa kichwa, ni wa pili. Ukigawanya kwa lita, ni wa kwanza. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 kama yetu haiwezi kulikwepa swali hilo kwa kulaani wazungu.

Nasema hivyo kwa sababu kijiweni Tukuyu nilikutana na mshikaji aliyeniambia habari yote ni uongo, kwamba hali ya hewa imebadilika siku zote. Nusu ya maneno yake ni kweli, na ushahidi uko jirani. Ziwa Masoko, kwenye kreta si mbali na mji wetu, limetunza chini yake matope ya zaidi ya miaka 40,000. Wanasayansi waliyatoboa na kusoma humo vipindi vya mvua na vya ukame, karne baada ya karne, kabla ya kiwanda wala gari. Lakini barafu ya Antaktika nayo imehifadhi mapovu ya hewa ya miaka 800,000, na katika muda wote huo kabla ya viwanda methani haikupita sehemu 800 hivi kwa kila bilioni. Leo imepita 1,900. Matope ya Masoko yanatuonyesha kwamba tabianchi hubadilika yenyewe. Barafu inatuonyesha kwamba safari hii mkono wa mtu umo.

Mkono wa nani? Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba katika methani inayotokana na binadamu, karibu theluthi moja ni ya mifugo, na kama asilimia 35 ni ya makaa, mafuta na gesi. Ule mtungo wa mabomba yanayovuja ungeweza kuzibwa, na mara nyingi kwa faida, kwa kuwa gesi iliyookolewa inauzika. Sijawahi kuona semina ikilicheka bomba.

Juzi nilimpigia bibi simu. Nikamwambia: "Shikamoo, bibi. Lile swali lako nimelipatia jibu. Ndaga hajapimwa. Waliopimwa ni wenzake wa Kenya."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mvua ikipiga bati.

"Basi waje," akasema. "Waje asubuhi, nikishakamua. Ila wakimaliza kumpima wasiondoke hivi hivi. Waniambie nimlishe nini."