Weusi wa ndani: pipa la bia na chombo cha maziwa

Leo ni zamu yangu ya historia, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipoanza kujitolea kwenye kazi ya usafi hapa Nakivale tulipewa mafunzo mafupi. Chombo kiwe na mfuniko, kiwe kimeoshwa, ukichungulia ndani uone kweupe. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi yangu. Kwa bibi mmoja jirani, mtu wa milima ya Kivu Kusini, nikakuta chombo cha mbao cha maziwa. Nikachungulia: cheusi tititi, kama sufuria ya maharage iliyokaa motoni mwaka mzima. Nikamwambia, tena mbele ya wajukuu zake, "Bibi, hiki ni kichafu, watoto wataharisha." Hakubishana. Alikifuta kwa kitenge, akakipandisha juu ya kabati, na toka siku ile maziwa yakawa yanakaa kwenye jerikeni ya njano iliyokuja na mafuta ya kupikia. Mimi nikaweka alama ya vema kwenye karatasi, nikaenda nyumba ya pili.

Sasa sikilizeni kilichonirudisha kwa yule bibi. Rafiki yangu alinionyesha video kwenye simu: wanaume wa mji wa Plzeň, kule Cheki, wanatengeneza mapipa ya bia ya mbao. Wanamimina ndani ya pipa kitu kinachochemka, kizito, chenye rangi ya kahawia kama lami, moshi unafuka kwenye tundu, halafu wanaliviringisha pipa huku na huku. Nikacheka. Nikasema, kumbe wazungu nao wanapaka weusi ndani ya chombo cha kunywea! Baadaye nikaacha kucheka, nikaanza kusoma.

Kile kitu ni lami, lakini si ile ya barabara. Inatokana na utomvu wa misonobari na miti ya jamii yake. Pipa la bia huundwa kwa mbao za mwaloni zilizopindwa kwa moto na kubanwa na pete za chuma. Ubavuni hakuna gundi wala msumari. Ubao, hata ukiwa mgumu vipi, una vitundu vidogo vidogo. Bia inaingia humo, inakauka, inachacha, na vijidudu vinapata nyumba ambayo maji ya kuoshea hayafiki. Tena ile hewa inayofanya bia itoe povu inapenya polepole na kutoka. Na mwaloni wenyewe una ladha kali, inaingia kwenye bia. Kwa bia nyeusi nzito pengine mtu asiisikie. Lakini mwaka 1842 hapo Plzeň mtu anayeitwa Josef Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu, nyepesi, iliyotakiwa ikae muda mrefu kwenye baridi kabla ya kunywewa. Bia ya namna hiyo haifichi kitu. Ubao ukiwa mbaya, mnywaji anajua mara moja. Ndiyo maana ukuta wa lami ulihitajika kati ya mbao na bia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Kwa njia ya zamani walifungua upande mmoja wa pipa, wakamwaga lami iliyoyeyushwa, wakarudisha kifuniko, wakaliviringisha mpaka kila sehemu ya ndani ipate. Viwanda vilipokua, karne ya 19, zikaja mashine. Kwanza hewa ya moto inapulizwa kupitia tundu la pipa, lami ya zamani inayeyuka na kutiririka nje pamoja na uchafu wake. Kisha bomba linaingizwa kwenye tundu lile lile, linanyunyiza lami mpya pande zote. Inayozidi inarudi kwenye tangi lake. Halafu pipa linaviringishwa likiwa bado la moto, lisipumzike, juu likilala upande mmoja lami yote itashuka hapo na kwingine kubaki wazi. Mvuke wa lami ukichanganyika na hewa ndani ya pipa unaweza kulipuka, na hapo mbao zinaruka kama bomu. Fikiria mtu anafanya hivyo kwa mamia ya mapipa, na kila pipa linarudi tena baada ya muda, maana lami inapasuka na kubanduka, lazima ipakwe upya.

Sio wazungu wote waliofanya hivyo, lakini. Waingereza wengi walibaki na mapipa yasiyo na lami, wakiyaosha kwa maji ya moto na mvuke. Baada ya Vita Kuu ya Pili mapipa ya aluminiamu na ya chuma kisichoshika kutu yakachukua nafasi, na wapaka lami wengi wakakosa kazi. Plzeň wamebaki na mafundi wachache.

Sasa swali langu lilikuwa: huku kwetu je? Neno lenyewe "pipa" tumelipata kwa Wareno, waliokuja pwani na mapipa melini. Lakini bia ya kizungu ilipoanza kupikwa huku, ilituingia zaidi kwa chupa. Nairobi kiwanda cha Ruaraka kilianza mwaka 1922, na ile bia yake ya kwanza ilipelekwa hotelini ikiwa kwenye makreti. Primus ya Kinshasa ilitoka mwaka 1926. Bujumbura walipata Brarudi mwaka 1955, Gisenyi wakapata Bralirwa mwaka 1957. Mzee wa Goma au wa Bujumbura ukimwambia bia, anaona chupa. Na kiwanda kilichopo leo hapa Mbarara kinatumia matangi ya chuma. Kwa hiyo fundi wa kupaka lami kwenye mapipa, mimi sikumpata katika nchi zetu.

Na bia yetu wenyewe? Hapa ndipo nilipoona jambo. Angalia tonto ya Ankole na Buganda, au urwagwa wa Rwanda na Burundi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, ule unaoitwa umuvure kwa Kinyarwanda, mpaka juisi itoke. Juisi inachujwa, inaongezwa maji, inatiwa mtama uliokaangwa na kutwangwa, inafunikwa kwa majani ya mgomba. Siku moja, mbili, tatu, tayari. Watu wanakuja, wanakunywa, inaisha. Ikikaa wiki inakuwa siki. Bia yetu haikungoja mtu! Mtumbwi wake haukuhitaji lami, kwa sababu hakuna aliyetaka bia ilale humo miezi mitatu. Ulisuguliwa kwa majani na maji, basi.

Kitu kilichongoja huku kwetu ni maziwa. Ng'ombe anakamuliwa asubuhi na jioni, mume yuko machungani, mgeni anaweza kufika saa yoyote, na siagi inataka maziwa yaliyolala. Hayo yote katika joto, bila friji. Basi akili ambayo watu wa Plzeň waliipeleka kwenye pipa la bia, wazee wetu waliipeleka kwenye chombo cha maziwa.

Wanyankole wanakiita ekyanzi, vikiwa vingi ebyanzi. Wanyarwanda na Wanyamulenge wanasema icyansi. Ni gogo moja lililochongwa na kutobolewa ndani, shingo nyembamba kidogo, mfuniko wa kusuka wenye ncha kama kofia. Kukichonga ni kazi ya wanaume, kukitunza ni kazi ya wanawake. Na kifaa chao, kile ambacho kwa Plzeň ingekuwa mashine ya lami, kinaitwa ekicunga: chungu kidogo cha udongo chenye mdomo wa kutolea moshi. Chombo cha maziwa kinasuguliwa, kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinakauka juani. Kwenye ekicunga yanawekwa makaa na nyasi kavu za aina yake, si nyasi yoyote. Moshi ukiwa mzito, chombo kinainamishwa juu ya ule mdomo na kuachwa kishibe moshi. Kisha kinafunikwa haraka ili moshi usitoke. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ndani kunakuwa kweusi na kung'aa.

Moshi unafanya nini? Mambo yale yale ya lami, kwa njia nyingine. Unakausha ubao mpaka ndani ya vile vitundu. Una kemikali zinazoua vijidudu, ndizo hizo hizo zinazofanya nyama na samaki wa kukaushwa wasioze haraka. Unaacha tabaka juu ya ubao. Tofauti ni moja: mtu wa Plzeň anapaka lami ili bia isipate ladha yoyote ya chombo, mama wa Ankole anafukiza ili maziwa yapate ile harufu. Maziwa yasiyo na moshi mzee wa Kinyankole anaweza kuyakataa kabisa.

Nyasi zina heshima yake hapa. Jina la Mbarara linasemwa linatokana na emburara, nyasi ndefu zilizojaa eneo hili zamani. Yaani kila tukisema "naenda Mbarara" tunataja nyasi, na wengi hatujui.

Wala si Ankole peke yake. Wakalenjin wa Kenya wana mursik: kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, unga wa mkaa unaganda kwenye kuta zake, ndipo maziwa yanatiwa na kuachwa yagande. Ni hayo wanariadha wao wananyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali. Na majirani zetu Wasomali hapa kambini, waulizeni mama zao habari ya haan, chombo cha kusukwa kwa nyuzi za miti mpaka hakivuji, nacho kinafukizwa kwa vijiti vinavyowaka. Tumeishi pamoja miaka yote hii, tunapanga foleni moja ya maji, na hatukujua kwamba bibi zetu walikuwa na kazi moja.

Nakivale hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbia. Baadhi yao walivuka mpaka na ng'ombe wao. Aliyevuka na ng'ombe alivuka na vyombo. Sisi tuliofuata miaka ya karibuni, wengi tulivuka na mtoto mgongoni na simu isiyo na chaji. Chombo cha maziwa ni kizito, ekicunga ni udongo, kinavunjika. Ndiyo maana jerikeni ilishinda. Siilaumu: ni nyepesi, inabebwa na mtoto, inapatikana bure. Ila plastiki haifukiziki, inayeyuka. Ikikwaruzwa ndani, vijidudu vinakaa kwenye mikwaruzo kama vinavyokaa kwenye ubao, na mkono wa kusugua haupiti kwenye ule mdomo. Weupe wake ndio ulionidanganya mimi.

Kwa wenzangu wa mashirika mnaosoma hapa, niseme na upande wa pili, msije mkafikiri napiga debe la moshi tu. Moshi unasafisha chombo, hauponyi maziwa. Ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu, maziwa yake mabichi yanaweza kumwambukiza mtu hata yakikaa kwenye ekyanzi cha mfalme. Kuchemsha kupo pale pale. Na masizi mengi si kitu kizuri kumeza. Lakini kumwambia mama "chemsha kwanza, halafu weka kwenye chombo chako kilichofukizwa" ni maneno tofauti kabisa na "tupa hicho kichafu." Mimi nilisema ya pili.

Mwaka huu tulipata safari ya kwenda Igongo, lile jumba la makumbusho lililoko Biharwe. Tulibadilisha gari Mbarara, tukakwama Makenke karibu saa nzima juani tukingoja dereva, watu wakanung'unika. Mle ndani ya makumbusho nikaviona: ebyanzi vimepangwa kwa heshima, na watalii wanapiga picha. Nikasimama pale muda mrefu. Kitu kile kile mimi nilikiandika kwenye karatasi kuwa ni kichafu.

Niliporudi nilienda kwa bibi. Nikamwambia, "Bibi, nimekuja kuomba msamaha. Siku ile nilikukosea." Akaniangalia, akasema, "Ya chombo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilijua u mtoto. Keti." Alimtuma mjukuu akishushe kutoka juu ya kabati. Kilikuwa na vumbi, na buibui alishaanza nyumba yake.

Chungu cha kufukizia hakuwa nacho, kilibaki nyuma. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kwa msumari, akanituma nikakate nyasi upande wa ziwani. Niliporudi na fungu la kwanza akazinusa, akazitupa. "Hizi za kuezekea." Nikarudi tena. Fungu la pili akalikubali. Akaosha, akaanika, jioni akatia makaa kwenye kopo na nyasi juu yake, akanipa mimi nikishike chombo kimeinama. Macho yakanitoka machozi. Kila nilipotaka kukiinua akasema bado.

"Na maziwa utachemsha, bibi?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Ya watoto nachemsha siku zote," akasema. "Hukuuliza."

Mwishowe akakichukua, akakifuta mdomo, akanipa nichungulie. Ndani palikuwa peusi kama siku ile ya kwanza, na pananukia.