Kutoka kifaru cha Kongwa hadi injini ya Raum: historia ya kuhamisha injini nyanda za kati

Tuanzie Kongwa, chini ya kilomita mia moja mashariki mwa Dodoma mjini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, na mtu mmoja ofisini akaona Tanganyika ina ardhi tele. Shida ikawa matrekta. Viwanda vilikuwa havijarudi kwenye kazi za amani, matrekta mapya hayapatikani. Basi wakaokota kilichokuwepo. Matrekta ya jeshi yaliyotumika yakaletwa kutoka Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikavigeuza kuwa matrekta, ikayaita Shervick: Sherman ukiiunganisha na Vickers. Ndiyo, msomaji, kifaru cha vita kililetwa Ugogoni kulima karanga.

Haikusaidia. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na ndani yake kuna chembe za kwatzi zinazosaga chuma cha jembe. Mvua nayo unaijua mwenyewe kama umekaa Dodoma hata mwaka mmoja. Mashine nyingi zilishia karakanani, na mwaka 1951 mradi ukafungwa ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Shuleni tunaufundishwa kama kisa cha kiburi cha kikoloni, na ni sawa kabisa. Mimi lakini huwa nabaki pale karakanani. Fikiria una mashine za mtumba, za aina nyingi, spea ziko safari ya wiki kadhaa kwa meli. Fundi ana njia moja tu: atoe hapa, aweke pale. Na waliokuwepo hawakuwa wageni wa spana. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamejifunza udereva na ufundi vitani, kwenye kikosi cha usafirishaji kilichoitwa East African Army Service Corps.

Kwa hiyo ukimwona kijana leo pale Chang'ombe au Nkuhungu amening'iniza injini kwenye mti wa mwarobaini kwa cheni bloku, usidhani ni ubabaishaji wa juzi. Una umri wa mkoa karibu wote tunaoufahamu.

Sasa turuke hadi miaka ya 1970. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikaanza kupanda, na ndani ya miezi michache ilikuwa karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 na 1979 tukapigana na Idi Amin, na mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikakauka. Wazee watakusimulia amri ya kutoendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukikutwa barabarani unaulizwa kibali.

Gari la serikali wakati huo lilikuwa Land Rover. Likiua injini, mpya unaagiza kwa dola ambazo hazipo. Lakini Land Rover zilikuwa na siri moja nzuri: injini ya petroli ya lita 2.25 na ile ya dizeli ya lita 2.25 zilikuwa za familia moja. Zinakaa kwenye maunti zilezile, zinashika gia boksi ileile. Fundi anayejua hilo anachukua injini kutoka mkweche mmoja, anafufua mwingine, na gari la petroli linaweza kugeuka la dizeli bila kuchomelea sana.

Kazi ngumu ilikuja pale injini ilipokuwa ya kampuni nyingine kabisa. Hapo injini na gia boksi havijuani. Matundu ya bolti hayalingani, kwa hiyo unachonga bamba la chuma linalokaa katikati, upande mmoja lina matundu ya injini, upande mwingine ya gia boksi. Kulikata bamba si tatizo. Tatizo ni kati. Shafti ya gia boksi isipoelekea katikati kabisa ya kranki shafti ya injini, hata kwa tofauti ndogo ambayo jicho halioni, klachi inakufa mapema na beringi inaanza kulia. Mzee mmoja ambaye amefanya gereji hapa mjini tangu ujana wake alinieleza hivi: "Mwanangu, injini haijui imetoka gari gani. Inachojua ni kama shafti imekaa kati." Nikamuuliza vipimo vyake ameviandika wapi. Akagusa kichwa.

Hapo ndipo mimi nakosa usingizi kama mtu wa historia. Kuhusu Kongwa tuna ripoti, hotuba za bungeni London, picha. Kuhusu mafundi walioifanya Tanzania itembee kati ya 1973 na 1985 tuna vichwa vyao, na vichwa hivyo vinazeeka. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewapa mafundi na madereva wa Tanzania nafasi wanayostahili. Ni kitabu kizuri, kitafute. Ila ni kimoja, na kimeandikwa kwa Kiingereza, na mzee wangu hawezi kukisoma akasema "hapa amekosea".

Mambo yalibadilika mwaka 1984. Bajeti ya mwaka ule iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na hakuna aliyewauliza sana wamezipata wapi. Pikapu zikaanza kuonekana. Mwaka 1985 akaja Mzee Mwinyi, mwaka uliofuata shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola moja. Kuanzia hapo mlango wa mitumba ulifunguka, na uliofaidi zaidi ni mtumba wa Japani.

Kwa nini Japani? Wao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Halafu wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari dogo jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake inauma. Mjapani wengi huona afadhali auze. Gari likiuzwa zima linakuja zima. Likigongwa, linakatwa, na injini yake inakuja kwenye kontena hadi Gerezani, Dar es Salaam. Injini ambayo kule ni taka, hapa ni maisha mapya ya gari la mtu. Kenya wao waliweka ukomo, gari lenye zaidi ya miaka minane haliingii. Sisi hatukukataza, tuliweka kodi ya ziada kwa magari makuukuu. Ndiyo maana barabara zetu bado zina Starlet.

Na hapa nifike kwenye Starlet yenyewe. Toyota iliitengeneza kuanzia 1973 hadi 1999, kisha Vitz ikachukua nafasi yake. Yetu ni EP91, ya mwisho mwisho, gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu. Tunaimiliki wawili, mimi na mwenzangu ninayekaa naye Ipagala, na tunaifanyia kazi uani. Injini yake, 4E-FE ya CC 1331, ilianza kugonga, beringi za kranki zimekwisha. Inayoingia ni 5E-FE ya CC 1497 iliyotoka kwenye Toyota Raum.

Ni ndugu wa damu hizi mbili. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 74. Kilichotofautiana ni urefu ambao pistoni inasafiri: milimita 77.4 kwa 4E, milimita 87 kwa 5E. Piga hesabu mwenyewe ya ujazo wa silinda mara nne utapata CC zote mbili, ni zoezi zuri la kidato cha pili. Gia boksi ya Starlet inafunga kwenye 5E bila bamba lolote. Kwa kuwa Raum yetu ilikuwa otomatiki na Starlet ni ya gia za mkono, tumehamisha flaiwili na klachi kutoka injini ya zamani. Mkanda wa taiming tumeweka mpya kabla injini haijapanda, maana ikishaingia kwenye boneti lile dogo mkono haupiti.

Kwa nini tusirudishe 4E tu? Hapa fizikia ya Dodoma inaingia. Mji uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hiki mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa ujazo, lakini inachoma kwa uzito wa hewa. Hewa nyepesi, moto mdogo. Sasa linganisha: 5E ni kubwa kuliko 4E kwa asilimia 12 na kidogo. Yaani 5E ikiwa Dodoma inapumua karibu hewa ileile ambayo 4E ingepumua Dar. Tumenunua ufukwe wa bahari kwa CC 166. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilicheka peke yangu.

Enzi za kabureta kimo kilisumbua zaidi. Kabureta haipimi uzito wa hewa sawasawa, kwa hiyo lililosetiwa pwani, likipanda huku, linamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi mweusi unakuaga nyuma. Mafundi wa zamani wa Dodoma walibadilisha jeti wakaweka ndogo. Injini yetu ina sensa inayopima mgandamizo, kontroli boksi inajirekebisha yenyewe.

Tulipofikia ni hivi: injini imekaa kwenye maunti, gia boksi imefungwa, rejeta imerudi. Kinachotuchelewesha ni waya. Katika miaka ya mwisho Toyota iliacha distribyuta kwenye familia hii ikaweka koili, kwa hiyo injini mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na soketi tofauti. Fundi umeme anakuja Jumamosi. Ukitaka kununua injini ya aina hii, nunua na waya zake na kontroli boksi yake, muuzaji akikataa tafuta mwingine.

Kingine usikiache ni kadi ya gari. Mle mna namba ya chesisi, namba ya injini na CC. Ukibadilisha injini, viwili kati ya hivyo vitatu vimekuwa uongo, na daftari la usajili liko TRA. Mabadiliko yanatakiwa yapelekwe huko, gari likaguliwe, kadi irekebishwe. Watu wengi hawafanyi, wakiona leseni ya barabara ya kila mwaka, iliyokuwa inalipwa kwa CC, ilifutwa mwaka 2017. Lakini namba ya injini ndiyo polisi wanaitazama wakitafuta gari la wizi, na ndiyo mnunuzi makini atakayoipangusa kwa kitambaa kabla hajatoa hela. Sisi risiti ya injini tumeiweka kwenye bahasha pamoja na kadi. Nyuma ya bahasha tumeandika vipimo vyote: injini imetoka gari gani, maunti ipi ilisogezwa kwa milimita ngapi, waya gani umeungwa na upi. Nakala moja nimempelekea yule mzee. Ameirudisha ikiwa na masahihisho mawili kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameanza kuchora bamba la Land Rover.