Kinanda kidogo kilichopungukiwa na sauti

Nani kati yetu hajapata kuona kinanda cha mdomo, kile kiitwacho harmonika? Chaingia katika mfuko wa shati. Wengi wetu hukidharau, tukisema ni kitu cha kuchezea watoto. Basi tusikie habari zake.

Mwaka 1857 fundi wa saa, jina lake Matthias Hohner, alianza kuunda vinanda hivyo mjini Trossingen, katika Ujerumani. Mwaka ule wa kwanza aliunda 650. Baadaye vikavuka bahari kwa wingi, vikafika Marekani.

Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba. Katika kila tundu ulimi mmoja hulia ukipuliza, wa pili hulia ukivuta pumzi. Lakini sauti nyingine hazimo. Katika kinanda cha do, upande wa chini, utatafuta fa na la, nawe hutaziona.

Weusi wa kusini mwa Marekani hawakukitupa kwa sababu hiyo. Walijifunza kuvuta pumzi huku wakigeuza umbo la kinywa, na sauti ikashuka. Tundu la pili, litoalo sol, likatoa fa. La tatu, litoalo si, likatoa la. Tena sauti ile ilishuka polepole, kama ya mtu anayeomboleza. Ndivyo kinanda cha nyimbo nyepesi za Ulaya kilivyoweza kuimba bluzi.

Mmoja wao alikuwa DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899. Ugonjwa wa polio ulimlaza kitandani angali mtoto, akajizoeza kuiga kwa kinanda milio ya wanyama na ya gari la moshi. Mwaka 1927 alipiga wimbo wake wa gari la moshi katika redio ya Nashville, na usiku ule mtangazaji akakipa kipindi jina lake la Grand Ole Opry. Watu walimpenda, lakini safarini hoteli nyingi zilimkatalia kitanda kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1941 aliondolewa redioni, akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu. Alikufa mwaka 1982. Heshima ya kuandikwa kati ya wakuu wa muziki ule alipewa mwaka 2005, naye hakuwapo kuiona.

Kumbe sauti zilizokosekana katika kinanda zilipatikana. Haki ya mpigaji ndiyo iliyochelewa.