Jukwaa Liko London, Watazamaji Wamejaa Sinema

Tarehe 25 Juni 2009, Helen Mirren alipanda jukwaani katika ukumbi wa Lyttelton wa National Theatre jijini London kuigiza Phèdre, tamthilia ya Racine. Ukumbi ule haufikishi viti 900. Hata hivyo, watu wapatao 50,000 waliuona mchezo, katika sinema 73 za Uingereza na nyingine nyingi za ng'ambo, ambako baadhi ziliuonyesha baadaye kwa sababu ya tofauti ya saa. Hapo ndipo National Theatre Live, mpango wa kurusha tamthilia sinemani, ulipozaliwa.

Hamu ya kuufuata mchezo ukiwa mbali nao ni ya zamani kuliko sinema yenyewe. Mwaka 1881, kwenye Maonyesho ya Umeme jijini Paris, mhandisi Clément Ader alipanga maikrofoni ukingoni mwa jukwaa la Opera na kuziunganisha kwa nyaya za simu. Msikilizaji aliweka kipokeo kimoja kila sikio, akawasikia waimbaji wakihama kutoka kushoto kwenda kulia. Huduma hiyo, théâtrophone, ilianza kuuzwa mwaka 1890, na mwandishi Marcel Proust alikuwa mmoja wa wateja wake.

Picha ilichelewa. Mwaka 1964 Hamlet ya Richard Burton ilirekodiwa Broadway kwa kamera za elektroniki, kisha ikaonyeshwa kwa siku mbili tu, Septemba, katika karibu sinema 1,000 za Marekani. Mkataba ulitaka nakala ziharibiwe baada ya hapo. Moja ilinusurika: ilikutwa katika mali za Burton baada ya kifo chake mwaka 1984.

Kilichokuwa kikikosekana ni setilaiti na projekta za dijitali. Sinema zilipovipata, jumba la opera la Metropolitan la New York, chini ya Peter Gelb, likatangulia: tarehe 30 Desemba 2006 lilirusha mubashara opera ya Mozart, Filimbi ya Ajabu. Nicholas Hytner, mkurugenzi wa National Theatre wakati huo, akaona kuwa tamthilia nayo inaweza.

Kazi yenyewe si ya kuegesha kamera moja nyuma ya ukumbi. Kwa kawaida huwekwa kamera tano hadi nane, na viti kadhaa huondolewa kuzipisha. Kabla ya usiku wenyewe hufanywa mazoezi ya kamera, ambapo wigi, vipodozi na taa hukaguliwa upya, maana jasho lisiloonekana na mtu wa safu ya ishirini huonekana wazi kwenye skrini kubwa. Mwigizaji hatakiwi kubadili uigizaji wake. Pazia likishafunguliwa, hakuna kusimamisha wala kurudia.

Hapo ndipo utamu ulipo, na ndiyo maana watu huanza kuhesabu siku mapema. Mwaka 2011 Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walipokezana nafasi ya Frankenstein na ya kiumbe chake. Sinema zikaonyesha mipangilio yote miwili, na mashabiki wakabishana ni upi bora. Mwaka 2013 kampuni ya Royal Shakespeare nayo ikajiunga, ikirusha Richard II kutoka Stratford-upon-Avon. Tiketi za Hamlet ya Cumberbatch katika ukumbi wa Barbican zilikwisha mwaka mzima kabla ya mchezo kuanza. Tarehe 15 Oktoba 2015, watu wapatao 225,000 waliutazama sinemani.

Wapo waliohofia kwamba kumbi za maigizo zingebaki tupu. Taasisi ya Nesta, iliyoyafuatilia maonyesho ya mwanzo, haikuona dalili kwamba sinema ziliipokonya National Theatre watazamaji wake.

Korona ilipofunga milango mwaka 2020, rekodi za michezo zilifunguliwa bure kwenye YouTube. Mmojawapo ulikuwa Barber Shop Chronicles wa Inua Ellams, unaompeleka mtazamaji kwa vinyozi wa Kampala, Lagos, Accra, Harare, Johannesburg na London.

Baada ya kutazama bure nyumbani, ingedhaniwa watu wasingerudi. Lakini mwaka 2022, Jodie Comer akiwa peke yake jukwaani katika Prima Facie, kisa cha wakili anayegeuka kuwa mlalamikaji, alivunja rekodi ya mapato ya maonyesho ya aina hii katika sinema za Uingereza. Walionunua tiketi walitaka kuketi gizani pamoja na wenzao na kuusikia ukumbi mzima ukivuta pumzi.