Nyumba za viroba vya udongo

Anayelala chini ya bati au turubai anajua joto la saa nane mchana. Leo historia yetu inatupeleka Khuzestan, nchini Iran, mkoa wa jua kali na mvua chache.

Mwaka 1995, katika kambi ya Baninajar, wakimbizi kutoka Iraki walijenga nyumba za viroba. Mchoro ulikuwa wa Nader Khalili, msanifu majengo mzaliwa wa Iran aliyeishi Marekani. Walijaza viroba udongo wa palepale, wakavipanga kwa duara, safu juu ya safu, kila safu ikiingia ndani kidogo, mpaka juu pakafunga kama kuba. Katikati ya safu waliweka seng'enge ili viroba visiteleze. Paa halikuhitaji boriti wala bati. Na ukuta mnene wa udongo huchelewa kupata moto.

Mwaka 2004 mfano huo wa nyumba za viroba ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Tukiambiwa mkimbizi husubiri tu kujengewa, tuikumbuke Baninajar. Nanyi wazee wetu, nyumbani mlijengaje kwa udongo? Njoni studio mtusimulie, vijana tujifunze.