Baruti ya Risasi Hafifu za Rivolva

RISASI ya .38 Special, iliyobuniwa na kampuni ya Smith & Wesson nchini Marekani mnamo 1898, ilikusudiwa kujazwa baruti nyeusi, ndiposa ganda lake likawa refu. Baruti isiyotoa moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka wa 1884, ina nguvu zaidi na kiasi kidogo hutosha. Walenga shabaha wanaojijazia risasi hafifu hupendelea ile inayoungua haraka, kama vile Bullseye. Hata hivyo, ganda likijazwa mara mbili kimakosa, baruti haifuriki. Kosa hujificha hadi silinda ipasuke mkononi. Kwa hivyo, wenye tahadhari huchagua baruti nyepesi iliyotanuka, ambayo ikizidi humwagika na kumwonya mjazaji.