Hamira Iitwayo Pombe na Elimu ya Kugawanyika kwa Seli

Katika nchi ya Ugogo, kwenye uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, mvua ni haba na msimu wake ni mmoja. Kwa sababu hiyo mkulima wa huko tangu kale ametegemea uwele na mtama, nafaka zivumiliazo jua. Nafaka hizo zimekuwa ugali wa kila siku, na zimekuwa pombe vilevile. Mbegu hulowekwa hata zikaota, kimea kikaanikwa na kusagwa, unga ukapikwa, kisha uji ule ukaachwa chunguni mpaka ukachacha na kutoa povu. Aliyetaka majirani wamsaidie kulima alitayarisha pombe kwanza, na kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya wanawake. Wapishi wa pombe hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba mashapo ya chungu cha jana huamsha chungu cha leo. Kiamshacho ni hamira, kiumbe cha seli moja tu, kisichoonekana kwa macho matupu.

Neno lenyewe "pombe" lilisikika njia nzima ya misafara, tangu Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo, hata Tabora na Ujiji. Mwaka 1893, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, mtaalamu wao Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaona hamira ya namna ya pekee. Hamira iliyozoeleka Ulaya, ambayo ndiyo pia ichachushayo divai ya zabibu za Dodoma siku hizi, huzaa kwa kuchipua: kitoto hutokea ubavuni mwa mama, kikakua, kikaachana naye. Hii ya Afrika haikuchipua. Ilikuwa na umbo la kijiti kifupi, ikarefuka, ikajijengea ukuta katikati, ikapasuka vipande viwili vilivyo sawa. Lindner akaiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kupasuka, sukari na kuvu. Sehemu ya pili ni Kiswahili kitupu.

Kwa muda mrefu jina hilo halikuvuma. Katika miaka ya 1940 Urs Leupold, mtu wa Uswisi, alianza kuitumia hamira hiyo katika elimu ya urithi. Katika miaka ya 1950 Murdoch Mitchison, huko Edinburgh, akaanza kupima ukuaji wa seli zake. Walivutwa na unyofu wake: kwa kuwa kijiti hiki hukua kwa urefu tu, kupima urefu ni kama kuuliza umri. Paul Nurse, Mwingereza aliyejifunza kwa Leupold na kisha kufanya kazi kwa Mitchison, alitafuta amri iiambiayo seli kwamba wakati wa kugawanyika umefika. Akaipata katika jini liitwalo cdc2. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jini la binadamu laweza kushika kazi ya jini hilo ndani ya hamira iliyoharibika, na hamira ikagawanyika tena. Mwaka 2001 Nurse alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Amri ikishatolewa, hapana budi pawe na mtendaji. Mtendaji huyo ni fungu la nyuzi lijengwalo ndani ya kiini cha seli. Kila uzi kwa kweli ni mrija mwembamba mno, uliojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Katika utando wa kiini hukaa vifundo viwili, na kila kimoja huotesha mirija kuelekea mwenzake. Pale mirija ya pande mbili ipishanapo, protini nyingine, kinesini, hushika mrija wa huku na mrija wa kule kwa wakati mmoja, ikatembea juu ya yote miwili. Mirija ikateleza, na vifundo vikasukumwa mbali. Mirija mingine hushika kromosomu, ambazo katika hamira hii ni tatu tu, kila moja ikiwa imekwisha kujinakili. Nakala moja hushikwa kutoka upande huu, na ya pili kutoka upande ule. Seli hungoja hata zote zishikwe sawasawa, ndipo gundi iziunganishayo ikatwe. Kisha fungu la nyuzi hurefuka hata likakaribia urefu wa seli nzima, na kiini kikavutika kama kibuyu chenye vichwa viwili kabla ya kuachana. Utando wa kiini cha binadamu huvunjika wakati huo. Wa hamira hii hubaki mzima.

Mengi ya hayo yalifumbuliwa na Mitsuhiro Yanagida na wenzake huko Kyoto, Japani, kwa kutazama hamira zenye kasoro. Nyingine, zikiwekwa penye baridi, hazikuweza kujenga mirija; kromosomu zake zikabaki zimejikunja pasipo wa kuzivuta, na hapo ndipo zilipohesabika kuwa tatu. Nyingine hazikuweza kutenganisha kromosomu, lakini ukuta wa katikati ulijengwa vilevile, ukakipasua kiini kama shoka lipasuavyo gogo. Seli ya namna hiyo hufa. Kromosomu zikigawanywa vibaya katika mwili wa mtu, hali hiyo yaweza kuandamana na saratani. Na dawa ya minyoo wapewayo watoto wa shule, albendazo, huua kwa kuishambulia tubulini ya mnyoo. Basi mirija ya hamira si jambo la mbali na maisha ya kijiji.

Historia ya elimu hii huandikwa kwa kawaida kuanzia Ujerumani mwaka 1893. Mwanzo huo umekatwa kichwa. Lindner alipokea kinywaji kilichokwisha kupikwa na watu waliojua kuotesha mbegu, kutunza mashapo na kulinda chungu. Majina yao hayakuandikwa popote, na kilichobaki kwao ni neno moja. Neno hilo leo hutamkwa katika maabara za Edinburgh, Kyoto na kwingineko. Lakini mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa Chamwino au Kongwa, ambaye bibi yake huenda anajua kazi ya kimea na mashapo, hufundishwa kugawanyika kwa seli kwa Kiingereza, na jina la pombe halitajwi. Lugha iliyompa mdudu huyo jina ina haki pia ya kueleza kazi yake. Maneno hayakosekani: mrija, kifundo, utando, gundi, ukuta. Yote hayo yamo vinywani mwa watu tayari. Kinachongojwa ni walimu wa kuyapeleka darasani.